Tulivyotoka Mama Ngina hadi Pembe kwa baiskeli, na magari yakatupisha

Niliposema nataka tufanye msafara wa baiskeli hapa kisiwani Mombasa ili kudai njia zetu, kila mtu alikuwa na shauri. Tafuta mfadhili kwanza. Chapisha fulana. Mwalike mgeni rasmi. Na aliyejiona mjuzi kuliko wote akasisitiza tufanye tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018.

Tarehe hiyo ni nzuri kwa wenye miji yao. Mombasa, Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, na masika huburuta mkia hadi Juni. Basi yakawa. Hema tulilokodi pale Mama Ngina, bustani ya ufukweni, lilijaa maji juu likabonyea katikati, vipaza sauti vikafunikwa kwa turubai, na vijana wa baiskeli za mashindano waliotoka Nyali wakajibanza chini ya miti. Mgeni aliahidi saa tatu. Saa nne akatuma salamu kwamba yuko njiani. Saa tano mvua ikakatika, jua likatoka kali, mgeni akapiga simu kusema amebanwa na shughuli. Tukapiga picha, tukalipa hema, tukaondoka. Hata mita mia moja za barabara hatukuziendesha kwa pamoja.

Lakini mvua si iliyonikera zaidi. Nilitazama waliokuja nikaona hayupo hata mtu mmoja wa mikate. Hayupo mlinzi, hayupo muuza mayai, hayupo kijana wa kupeleka samaki. Hao ndio waendesha baiskeli wa Mombasa. Hao ndio wanaosukumwa mtaroni na matatu kila siku ya Mungu, na sisi tulikuwa tumewaandalia sherehe saa ambayo hawawezi kuja.

Nikaenda kwa fundi wangu Majengo, mzee aliyeziba pancha za nusu ya mji huu.

"Mzee, hawa watu nitawapata wapi?"

"Mwanangu, mtu wa mikate saa tatu ashamaliza kazi, amelala. Mlinzi atoka zamu saa kumi na mbili. Nyinyi mwawaita saa ya watu wa ofisini. Wafuateni alfajiri, na muwape sababu ya kusimama."

Sababu hiyo alinipa yeye mwenyewe: pancha bure. Tuliwapata mafundi wengine kutoka Mwembe Tayari na Bondeni, wakaja na pampu, viraka, gundi, spoki na mabeseni yao ya maji. Vifaa vilitugharimu elfu tatu, nne hivi. Kahawa ilitoka kwa jirani yetu, na mahamri na mbaazi shangazi zangu waliamka usiku kuyaandaa. Hema na fulana tuliziacha. Na habari ilienezwa na mafundi kwa mdomo kwa muda wa wiki kadhaa, maana hakuna mwenye baiskeli asiyepita kwa fundi.

Kuhusu polisi, niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba nitahitaji kibali na kwamba kibali "kina gharama yake." Si kweli, na uongo huu umewakatisha tamaa wengi. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha, na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Sheria inachotaka ni taarifa ya maandishi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla ya msafara, na msafara uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Andika jina lako, siku, saa na njia mtakayopita. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Sikulipa chochote.

Siku tulichagua Jumapili ya Agosti, wakati kusi inapoza mji. Baada ya swala ya alfajiri mafundi walikuwa tayari wameinama kazini.

Sasa niwaeleze habari ya fito, maana hiyo ndiyo watu wanayoniuliza hadi leo. Nilisoma kwamba Ufaransa gari likimpita mwendesha baiskeli mjini lazima limwachie mita 1, na nje ya mji mita 1.5. Hapa kwetu matatu hukupita kioo kikigusa kiwiko. Nikajiuliza, mita moja hii dereva ataionaje? Nikanunua fito za mikoko, zile nyembamba za kujengea, tukazikata. Kila baiskeli ikafungwa ufito mmoja kwenye keria, umelala kukingama, umetokeza upande wa kulia, kwa kuwa huko ndiko magari hupitia. Usifunge kwa waya. Tumia mpira wa tyubu kuukuu, ili ufito ukiguswa usogee nyuma na usikuangushe. Nchani tukatundika kipande cha leso nyekundu.

Binamu yangu alikwenda kuujaribu siku chache kabla, barabara ya Digo, saa za msongamano, nami nikimfuata nyuma. Sijapata kuona kitu kama kile. Matatu lililokuwa likija kwa kasi likapunguza, likahama hadi katikati ya barabara, likampita mbali. La pili vivyo hivyo. Inaniuma kusema, lakini dereva ambaye haogopi kuvunja mkono wa mtu anaogopa kukwaruziwa rangi. Basi tukafunga fito kwa kila aliyetaka, na watu wa mikate ndio waliozigombania.

Tukatoka Mama Ngina, tukapita Kizingo hadi Treasury Square, Fort Jesus, tukakata Ndia Kuu ndani ya Mji wa Kale, tukatokea Digo, kisha Moi Avenue hadi kwenye Pembe, yale matao ya pembe za ndovu yaliyo juu ya barabara. Kina dada tuliovaa buibui tulikuwa mbele. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa Mji wa Kale walisimama wakatupungia mkono, na mimi machozi yalinitoka.

Pale Pembe tulitia sahihi ombi letu, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Tuliomba njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo wa zege, kwa sababu mstari wa rangi peke yake tuktuk huegesha juu yake. Tuliomba pia vyuma vya kufungia baiskeli pale soko la Marikiti. Agosti ilitusaidia hapa vilevile: mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hutakiwa kufika katika bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba. Ukienda Oktoba unaambiwa ungoje mwaka ujao.

Ombi limepokewa, nakala yangu ina muhuri. Njia ya zege bado tunaidai. Vyuma vya kufungia hatukungoja: wenye maduka watatu wamechanga, fundi wa kuchomelea ametengeneza, na vinatumika.

Agosti tunarudi. Wa Kisauni na Kongowea wakusanyike upande wa bara wa Daraja la Nyali wavuke pamoja, kabla matatu hayajajaa. Kina dada wa buibui, hakikisheni mnyororo una kifuniko. Kama hauna, njooni mapema mafundi watafunga. Fito zipo. Tyubu kuukuu zinahitajika, nyingi, mwenye nazo amwachie fundi.