Wewe utaipenda tu

Baba Tausi amenikataza kuitaja mezani ile nyumba ninayotaka tuinunue, basi naileta huku. Yule bibi anayekaa humo kanichoma, na hadi leo naona moto.

Mnaijua nyumba yenyewe, ile ya Lushoto, njia ya Magamba, ambayo nimewachosha nayo kwa picha za dalali. Jumamosi hatimaye tulipanda. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona, Tausi katapika Soni kama kawaida yake, na ubaridi ukatupokea na nguo zetu za Tanga mjini.

Ni kubwa kuliko kwenye picha, na imechoka kuliko kwenye picha. Jengo la Wajerumani, la enzi Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Kuta ni za mawe, nene hata dirishani unakaa ukakunja miguu. Sebuleni mahali pa kuotea moto Tausi kaingia akasimama wima. Upande wa jikoni bati limefunguka na kenchi zimeoza. Fundi alibandua lipu kwa bisibisi, nyuma yake ukuta mbichi kabisa. “Dada, hawa walijengea chokaa, unyevu ukiingia unatoka,” akasema. “Waliokuja baadaye wakapiga saruji juu. Maji yamefungiwa humo.” Akaanza kuhesabu kwa vidole, nikamwacha ahesabu.

Mimi nilikuwa sakafuni. Mbao zile ni mwangati. Nilikwangua pembeni kwa ufunguo, ikapanda harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, ya darasa la pili kabisa. Si ajabu, maana mwangati ndio mti wa penseli, na Wajerumani waliutaka kiasi cha kujenga njia ya waya kuteremsha magogo kutoka Shume hadi Mkumbara kwenye reli. Mchwa hawajaugusa. Lakini pale karibu na mlango mtu aliziba kwa paini, nikabonyeza, kidole kikazama kwenye unga.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na khanga yake mabegani, sijui tangu saa ngapi.

“Umeipenda,” akasema.

“Sana, bibi.”

“Naona. Wewe utaipenda tu, mwanangu. Mimi natafuta mtu wa kuiweza.”

Halafu akaniuliza kama chai yangu iwe na tangawizi.

Basi. Ni hayo tu. Hakuwa na ukali, na hilo ndilo linaloniudhi. Njiani kuteremka nilitunga majibu hadi Mombo. Ningemwambia tuna kiwanja cha kuuza Pongwe. Ningemwambia bibi, hata hati yenyewe bado inasoma jina la marehemu mzee wako na mirathi haijafungwa, kwa hiyo hata huyo wa kuiweza atangoja. Ningesema, hapana, nisingesema lolote, nilikubali chai. Baba Tausi naye, badala ya kunipoza: “Si kasema kweli? Paa peke yake linatumaliza.” Wiki hii uhamisho wake umefutwa, Neema kavalishwa pete, yule bosi wangu wa vituko vya printa kastaafu, na mimi kwenye pete ya mdogo wangu mwenyewe nimekaa nawaza bibi aliona nini. Viatu? Lile gari la kuazima? Au ni kule kupiga magoti? Mnunuzi hapigi magoti, nadhani. Mnunuzi anasimama katikati ya chumba anaangalia dari.

Alhamisi dalali kapiga simu, nikajua anataka hela ya usumbufu. Kumbe alitaka mtu wa kumlilia. Kapeleka mteja wa Arusha, mwenye pesa zake, wa kufanya hoteli, kaja na mchoro kabisa. Bibi kampa chai. Kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kamwambia: “Wewe utaiweza, baba, lakini huipendi.” Na kabla yetu kulikuwa na mwingine aliyeambiwa ana watoto wachache.

“Dada, huyu mama hauzi,” dalali akasema, sauti imemkauka. “Wanaouza ni wanawe walioko Dar.”

Nilicheka mpaka Tausi akaja kuangalia. Kumbe nami nilipangwa foleni moja na tajiri! Nikamwonea bibi huruma kidogo, wanawe wakimtumia watu kila wikendi waje kumpima vyumba, naye anachemsha tangawizi na kuwatafutia kasoro mmoja mmoja. Na hivi ninavyoandika naitaka ile nyumba kuliko Jumamosi, sijui hiyo nayo ni akili gani. Kiwanja cha Pongwe kwa kweli hakifiki hata nusu ya bei.

Ila kuna jambo lingine. Tausi tangu Jumatano hataki kupanda basi la shule. Halii, hasemi kwa nini, anasema tu atatembea. Nimemuuliza dereva, kasema mtoto hana shida. Dada wa basi hajapokea simu. Kesho nitapanda naye mpaka shuleni, kazini watanisubiri.