Lilikuwa Likitambaa

Makanga alipiga bodi mara mbili. Kila apandaye matatu Mombasa aijua lugha hiyo: pigo moja simama, mawili twende. Ilikuwa asubuhi, mwaka 2009, kituo cha Saba Saba. Mbiomba wangu, dada yake mama, alikuwa na mguu mmoja ngazini, wa pili haujagusa lami. Dereva akaondoa gari. Nilikuwa nyuma yake, na mlio wa mfupa niliusikia kabla ya ukelele wake.

Tulikuwa tumetoka Kisauni kupeleka sufuria ya mbaazi kwenye arusi Majengo. Mbaazi zote zilimwagika barabarani, tui likitiririka hadi mtaroni. Kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika mifupa miwili, akatiwa chuma na skrubu.

Mbiomba aliuza mahamri na mbaazi mlangoni pake kwa zaidi ya miaka 20, na kazi hiyo huanzia chini. Wakaa juu ya mbuzi, magoti yamekunjwa, wakuna nazi moja baada ya nyingine kabla ya alfajiri. Plasta ilipotolewa alijaribu kukaa. Kifundo kikakataa kupinda. Alibaki amesimama na nusu ya nazi mkononi, akiitazama mbuzi kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Huo ndio uchungu niliouona mimi, na hauandikwi kwenye fomu ya daktari.

Wiki ya tatu alikuja mtu nyumbani, shati safi, sauti ya upole. Ametumwa na mwenye gari, alisema: shilingi 15,000, mama atie dole gumba hapa chini, maneno yaishe. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Bahati ami yangu alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa, akaisoma. Ilisema kwamba mbiomba hatadai tena chochote, kwa mtu yeyote, kwa ajali ile. Ami akamrudishia karatasi yake na kumwonyesha njia. Ni wangapi waliotia dole kwa kuwa hapakuwa na ami siku hiyo?

Wakili tuliyempata alitaka kwanza karatasi: nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi, na abstrakti, muhtasari wao wa ajali, P3, fomu ya majeraha iliyojazwa na daktari, na risiti zote. Mbiomba alizihifadhi risiti ndani ya mkebe wa biskuti, ila tuktuk za kwenda hospitali hazitoi risiti, na pesa hizo zikapotea hivyo hivyo. Kesi ya kuumizwa, alituambia, hufunguliwa ndani ya miaka 3, na bima ya gari lazima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baadaye, isije ikapata mwanya wa kukataa kulipa.

Mbiomba aliuliza kwa nini ashtakiwe mwenye gari, naye siku hiyo hakuwapo. Wakili akamjibu kwamba dereva na makanga walikuwa katika kazi ya mwenye gari, basi uzembe wao ni wake. Tena uzembe si kukusudia ubaya. Ni kuwa na wajibu wa kumwangalia mwenzio, usimwangalie, naye akaumia kwa sababu hiyo. Akatuhadithia kisa cha mwanamke mmoja wa Uskoti, mwaka 1928, aliyenunuliwa kinywaji na rafiki yake, akasema alikuta mabaki ya konokono ndani ya chupa. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwa vile hakununua yeye. Lakini mwaka 1932 majaji wa London waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule anayekunywa. Kenya ilirithi sheria hiyo.

Mbiomba alifikiri kidogo. "Basi mtu akinunua mahamri yangu akampa mwanawe, nami nimeacha kipande cha waya ndani, deni langu ni kwa yule mtoto."

"Ndilo hilo, mama," wakili akasema.

Kesi ilisikilizwa 2012. Shahidi mwingine aliyeona nilikuwa mimi peke yangu. Nilikaa kwenye benchi nje hadi niitwe, kwa hivyo sikusikia aliyoyasema mbiomba. Niliapa, nikaeleza mapigo mawili ya bodi. Kisha wakili wa upande wa pili, aliyewekwa na bima, akasimama.

"Mama alipoanza kushuka, gari lilikuwa limesimama kabisa?"

Nilimwona mbiomba kwa pembe ya jicho, fimbo yake mapajani.

"Lilikuwa likitambaa."

Karani akatafsiri. Hakimu, aliyekuwa akiandika kwa mkono, akainua kalamu, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Na mikono yake ilishika wapi?"

"Sufuria. Yote miwili."

Hukumu ilipotoka, hakimu aligawa lawama: 80 kwa 100 kwa mwenye gari, 20 kwa mbiomba. Makanga hakuwa na haki ya kuruhusu gari kabla abiria hajafika chini, wala dereva kuondoka bila kutazama. Lakini abiria naye alianza kushuka gari halijasimama, bila kushika chuma. Shilingi 500,000 za maumivu, 62,000 za gharama. Ukitoa sehemu yake, 449,600. Hasara ya biashara hakupewa hata senti, kwa kuwa hakuwa na daftari la mauzo. Hilo niliona si haki, na hadi leo naona si haki. Mwanamke auzaye mlangoni daftari lake ni wateja wake, na Kisauni nzima ingekuja kusema.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile siku ya ushahidi, tulipotoka nje. Wakili alikuwa ameshanieleza kwa sauti ya chini kwamba mbiomba, kabla yangu, alisema gari lilikuwa limesimama. Nilikaa kando yake kwenye benchi. Sikuweza kumtazama.

"Wasema lilikuwa likitambaa," akasema.

"Ndiyo, mbiomba."

Alinyamaza kitambo, akiisugua fimbo kwa kidole.

"Lilikuwa likitambaa," akasema. "Niliogopa mbaazi za watu zisimwagike."

Akanyoosha mkono nimshike, tukavuka barabara.