Benchi la Zahanati

Mwaka wangu wa tatu chuoni, hapa Tanzania, nilipewa wizara ya afya katika serikali ya wanafunzi. Chuo kilikuwa na mshauri nasaha mmoja, mwanasaikolojia aliyeisomea kazi yake, lakini daftari lake la miadi lilikuwa karibu tupu, ilhali mabwenini, kila matokeo yalipotoka, tulikesha na wenzetu waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Tulibandika mabango ya kuwahimiza wamwone. Hayakuleta mtu.

Sababu alinieleza mwenzangu wa chumba, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa hapati usingizi: ofisi ya mshauri ilipakana na ya nidhamu, na aliyeonekana kwenye benchi lile alidhaniwa amekamatwa akiibia mtihani au amerukwa na akili. Niliandika barua kuomba huduma ihamie zahanati ya chuo. Mlezi wa wanafunzi aliniambia, "Mwanangu, zahanati haina nafasi," na kweli haikuwa nayo, mpaka muuguzi mfawidhi alipokubali kuhamisha maboksi ya stoo.

Mahali pale palibadili mambo kuliko nilivyotarajia. Mwenye malaria na asiyepata usingizi walikaa benchi moja, na wengi walikuja wakilalamikia kichwa au tumbo tu. Daktari alianza kuwauliza maswali tisa ya PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, yanayohusu wiki mbili zilizopita na kujumlishwa kuanzia 0 hadi 27. Aliyefikisha 10 alionana na mshauri siku hiyohiyo, na yeyote ambaye jibu lake kwa swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, halikuwa "hapana kabisa", hakuachwa aondoke peke yake, hata kama jumla yake ilikuwa ndogo. Tuliomba pia siku mbili za jioni, kwa kuwa vipindi vyetu viliisha saa kumi na moja.

Kilichobaki kigumu ni rufaa. Kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, limekuwa tusi, na wanafunzi waliamini kila barua ya rufaa inaelekea huko, hivyo mshauri alilazimika kueleza kwamba wanakwenda kliniki ya hospitali ya mkoa na kurudi bwenini jioni.

Kufikia mwisho wa muhula, miadi ilikuwa ikisubiriwa kwa wiki mbili. Barua ya kuomba mshauri wa pili nilimkabidhi waziri aliyenirithi.