Nilivyojifunza gitaa la rithimu kwa albamu ya Power Up

Power Up ya AC/DC, bendi ya roki ya Australia, ilipotoka Novemba 13, 2020, nilikaa nayo siku kadhaa bila kuigusa. Niliogopa. Malcolm Young, mpiga gitaa lao la rithimu, lile linalobeba mapigo ya wimbo, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na kwangu mimi bendi ile ilikuwa mkono wake wa kulia kwanza, ndipo ije kaptula ya shule anayovaa jukwaani mdogo wake Angus, mpiga solo. Brian Johnson, mwimbaji, naye alishuka jukwaani mwaka 2016, madaktari wakimwonya kwamba akiendelea atapoteza usikivu kabisa. Cliff Williams, mpiga besi, akastaafu. Phil Rudd, mpiga drams, alishakuwa nje. Nilijua wamekwisha.

Nikakuta nyimbo 12, dakika 41 hivi, na hao watatu wote wamerudi. Nafasi ya Malcolm ameishika Stevie, mtoto wa kaka yao, aliyewahi kumshikia pia kwenye ziara ya Marekani mwaka 1988. Nyimbo zote zimeandikwa majina ya Angus na Malcolm, maana Angus alifukua vipande walivyotunga pamoja miaka ya nyuma na kuviweka akiba. Nilipolijua hilo nikaweka nia: nitaipiga albamu hii, na nitapiga sehemu ya Stevie, ile ya rithimu. Miaka yote nilikuwa nakimbilia solo.

Wiki mbili za kwanza zilinishinda. Kodi zenyewe, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni nyepesi, hata anayeanza anazijua, lakini zangu zilitoka zimevurugika kama redio isiyoshika stesheni. Kumbe tatizo lilianzia kwenye amplifaya. Nilikuwa nimejaza mkwaruzo, ule ukwaruzaji wa sauti unaoongezwa na amplifaya, wakati Malcolm alipiga kwa sauti iliyokaribia kuwa safi, nyuzi nene, mkono mzito. Ule ukali ulitoka kwenye mkono. Niliposhusha mkwaruzo, kila kosa langu likawa wazi. Nilivunjika moyo kweli, ila ndipo nilipoanza kusikia cha kurekebisha.

Kubwa zaidi lilikuwa ukimya. Nilivaa spika za masikioni, nikawa nasikiliza upande mmoja mmoja, kwa sababu magitaa mawili yametenganishwa, moja kushoto na jingine kulia. Ukibaki na rithimu peke yake utasikia jinsi kodi inavyokatwa: kiganja kinatua kwenye nyuzi, sauti inakufa ghafla, na drams za Rudd zinapata pa kukanyaga. Mimi nilikuwa naacha kodi zivume mpaka zinaingiliana. Nikaanza kufanya mazoezi ya kukata tu, polepole, nikihesabu kwa mguu. Wimbo wa Shot in the Dark peke yake ilinila karibu mwezi mzima.

Kwa maoni yangu nyimbo za mwishoni hazina nguvu sawa na za mwanzo, lakini wimbo wa Through the Mists of Time ungetosha kuibeba albamu yote. Siku niliyoumudu nilizima upande wa Stevie, nikabaki na Angus, drams, besi na sauti ya Brian katikati, nami nikaliziba lile pengo. Nilifika mwisho bila kuwakimbilia wala kuachwa. Mkono ulikuwa unaniuma hadi kwenye kiwiko. Nikaurudisha wimbo mwanzo.