Moyo umekufa ganzi

Huu ni mwaka wangu wa 11 wodi ya wazazi. Juzi usiku mama mmoja alipoteza mtoto. Nikamfunika khanga, nikamwambia "pole, mama", nikaenda kujaza faili. Sikusikia chochote moyoni, na hapo ndipo nilipoogopa. Zamani ningejifungia stoo nilie.

Asubuhi, nikiwa kwenye daladala, binti yangu alinipigia akilia. Nikamjibu kwa sauti ileile ya wodini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Si roho mbaya, wauguzi wenzangu. Nimemwomba matroni anipumzishe zamu za usiku mwezi mmoja. Amesema ataangalia ratiba.