Mizani za Kijapani na mahesabu ya mjomba

Jumapili, usiku

Mjomba kapiga tena. Ana duka la mabegi Kariakoo, na kila mwaka huenda Guangzhou kufunga mzigo, kwa hiyo aliposikia nasomea lugha na tamaduni za Asia Mashariki huku Illinois, alifurahi kuliko hata mama: kashapata mkalimani wa bure. Furaha ilikatika nilipomwambia kwamba lugha yangu kuu ni Kijapani.

"Sasa mjomba, Guangzhou nani anaongea Kijapani?" akaniuliza.

Wengi wanaidhania hivyo shahada hii, kwamba ni Kichina, Kijapani na Kikorea vimefungwa pamoja ili mtu akapate kazi ya kampuni. Unachagua lugha moja ya kukaa nayo miaka yote (mwaka wa kwanza darasa lake ni karibu kila siku, hakuna kujificha), kisha unasoma historia, dini na fasihi za kote kote. Kichina na Kijapani hata undugu hazina. Kilichoziunganisha ni hati za Kichina, yaani zile alama za kuandikia, ambazo kwa karne nyingi msomi wa Korea na msomi wa Japani waliweza kukaa pamoja wakaandikiana kwa brashi, bila yeyote kuelewa neno la mwenzake.

Lakini kinachonikalisha macho ni kitu ambacho mjomba hawezi kukipigia bei. Somo la sarufi ya Kijapani lilipofika kwenye vitenzi, wenzangu Wamarekani walichora mishale daftari zima. Taberu, taberareru, tabesaseru, tabesaserareru. Mimi nilisikia kula, kuliwa, kulisha, kulishwa, yaleyale ya kutendwa na kutendeshwa tuliyokaririshwa sekondari hadi tukayachukia. Hata kuhesabu: kalamu zina kihesabio chao (neno linaloambatana na namba), karatasi chao, paka chao. Darasa liliguna. Mtu aliyekulia kwenye ngeli ataguna kwa lipi?

Muhula huu tumeingia kwenye ushairi, na hapo ndipo nilipokaa sawasawa. Man'yōshū, diwani ya karne ya 8, ina mashairi zaidi ya 4,500, na mengi mno ni tanka: mizani 5, 7, 5, 7, 7, jumla 31. Vina hamna kabisa. Mwalimu wangu wa fasihi kule Tanga angeyarudisha yote na kuandika "guni" kwa wino mwekundu. Ila kwenye kuhesabu mizani wangeelewana. Nihon, yaani Japani, ni mizani tatu, ni-ho-n, kwa kuwa ile n ya mwisho inajitegemea. Wenzangu wanaihesabu mbili na hawaelewi kwa nini wanakosolewa. Mimi natoka kwenye lugha ambayo "mtu" na "nchi" ni mizani mbilimbili, sikuhitaji maelezo. Nimekaa usiku mzima wa jana nikigonga meza kwa kidole, nikipima tanka kama tulivyokuwa tukipima tenzi za mizani nane.

Mashairi ya Wachina wa enzi ya Tang yangempendeza zaidi mwalimu yule. Moja ya bahari zao ina mishororo minane, kila mshororo silabi tano au saba, vina vinaangukia mishororo ya 2, 4, 6 na 8, na juu ya hayo toni, kule kupanda na kushuka kwa sauti, nazo zinapangwa kwa zamu. Ajabu ni kwamba baadhi ya vina hivyo ukivisoma leo kwa Kichina cha Beijing havilingani tena. Mara nyingi Kikantoni kimevitunza vizuri zaidi. Kikantoni, lugha ya hukohuko Guangzhou! Nilimweleza mjomba kwa shauku kubwa. Akauliza kama hilo linashusha bei ya mabegi.

Hati zenyewe ndizo zinazonitesa, na huko Kiswahili hakinisaidii chochote. Orodha ya serikali ya Japani ya hati za matumizi ya kawaida ina 2,136, na nyingi zina zaidi ya usomaji mmoja. Namwonea wivu Mkorea: Mfalme Sejong alitangaza alfabeti yao mwaka 1446, na leo herufi za msingi ni 24 tu. Nilizijua jumapili moja ya baridi, theluji ikinizuia ndani.

Basi Agosti naanza Kichina kama lugha ya pili. Nimemwambia mjomba, na kwa kweli nusu ya sababu ni yale mashairi ya Tang, ila hiyo sikumwambia. Kabla hata hatujakata simu alishanitumia WhatsApp picha za risiti za Guangzhou. Kwa hati nilizozijua kupitia Kijapani nimemsomea tarehe na jumla ya fedha. Mstari mrefu wa chini, kuhusu mzigo ulioharibika, sijaweza. China ilirahisisha hati zake miaka ya 1950 na Japani ilirahisisha za kwake kivyake, kwa hiyo nusu yake naiona ngeni. Anasema huo ndio mstari wenyewe aliokuwa anautaka.