Mradi wa sayansi nje ya darasa: kubishana bila kuumizana

Awamu hii tuko kwenye udongo: wanafunzi wangu wanachunguza viumbe wanaoishi humo. Kila kundi la wanafunzi wanne lina kamba iliyofungwa kuwa mraba wa mita 1 kwa mita 1, lenzi ya mkono na daftari moja tu. Daftari ni moja kwa makusudi: hakuna kinachoandikwa kabla hawajakubaliana.

Kundi moja liligeuza gogo lililooza na kukuta kiumbe mrefu mwenye miguu mingi. Mmoja akasema jongoo, mwenzake akashikilia kuwa ni tandu, na sauti zikaanza kupanda. Sikutoa jibu. Niliuliza tu, "Umeona nini hata ukasema hivyo?" Kisha nikawapa mchoro: jongoo ana jozi mbili za miguu kwenye pingili nyingi za mwili wake, tandu ana jozi moja kwa kila pingili. Wakainama tena, safari hii vichwa vinagusana. Kanuni yetu ni kutazama bila kushika, maana tandu huuma, kwa hiyo ilibidi wapokezane lenzi na kumsubiri mnyama atulie. Aliyedai tandu akasema, "Zipo mbili mbili. Ni jongoo." Hakuna aliyemcheka. Kwangu hilo ni tokeo kubwa kuliko jina lililoandikwa daftarini.

Vianzio vya sentensi tunavyotumia, "Naona…", "Najiuliza…", "Inanikumbusha…", vimetoka kwenye BEETLES, mradi wa kuwasaidia wanaofundisha sayansi nje ya darasa, wa Lawrence Hall of Science, kituo cha sayansi cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nimevipenda kwa sababu "naona" humlazimisha mtoto kusimama kwenye ushahidi, na "najiuliza" humpa ruhusa ya kutojua mbele ya wenzake. Darasani ruhusa hiyo ni adimu mno.

Pia kuna muda wa kukaa kimya, kila mmoja mahali pake. Wengine bado wanahangaika. Lakini mwanafunzi mmoja asiyenyoosha mkono kamwe ndiye aliyeona siafu wakibadilisha njia, na kundi zima likamwendea yeye kuuliza.

Kinachofuata: makundi mawili yatahesabu viumbe wa mraba uleule, kila moja kivyake, kisha yalinganishe. Najua hesabu hazitalingana. Viumbe hutembea, na macho hutofautiana. Nataka nisikie watakavyoielezea tofauti hiyo bila kutafuta wa kumlaumu.